Fundi Piii na Safu ya Sababu

Kwa miaka kumi na tisa, kazi ya mtu huyu ilikuwa kubonyeza kitufe kimoja. Kitufe kilikuwa chekundu, ukubwa wa kifuniko cha soda, na kilipobonyezwa kilitoa sauti ya piii juu ya neno ambalo watazamaji wa televisheni hawakutakiwa kulisikia. Akikiachia, mazungumzo yaliendelea. Kituoni walimwita Fundi Piii. Nyumbani aliitwa baba, na mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi naye, alimwita mwanangu.

Nilimjua kwa mwandiko kabla ya kumjua kwa sura. Nilikuwa mjumbe wa kamati ya watu watano iliyosimamia maadili ya vipindi, nikiwakilisha wazazi. Kila mwezi kituo kilituletea bahasha ya fomu, na zote zilikuwa zimejazwa na mkono mmoja: herufi zimesimama wima, zimepangwa kama askari wa gwaride, hakuna iliyoegemea nyingine. Baadaye nilikuja kujua kwamba mtaani kwake watu walimpelekea kadi za harusi awaandikie majina ya waalikwa kwa mwandiko huohuo. Sisi alituandikia matusi.

Fomu ilikuwa na safu tano. Dakika neno lilipotamkwa. Nani kalitamka. Neno lenyewe, kwa ukamilifu wake, bila nyota wala vitone. Sekunde za piii. Safu ya tano, nyembamba kuliko zote, iliandikwa juu yake: Sababu ya neno kutumika katika hadithi. Hakuna aliyekumbuka nani aliiweka. Vituo vingine viliiacha wazi, au vilipiga mstari mmoja kutoka juu hadi chini. Yeye aliijaza. Aliambiwa ajaze fomu, akajaza fomu.

Kwa hiyo tulisoma mambo kama haya. Jambazi kamtukana polisi, sababu: "Kuonyesha kuwa ni jambazi. Tulishajua, ana bastola." Mume kamtukana mke, sababu: "Mwigizaji kasahau sentensi yake." Mpangaji kamtukana mwenye nyumba, sababu: "Hasira, lakini si yake, ni ya mwandishi." Na ile iliyojirudia kuliko zote, mwezi baada ya mwezi: "Hana la kusema."

Sipendi matusi. Nasema mapema ili msomaji asije akadhani nilibadilika njiani. Nilikuwa nikiyapinga kwa sababu watoto wanasikiliza, na bado nayapinga kwa sababu hiyo. Lakini zile fomu ndizo zilizonifungua macho nikaona hasara ya pili, inayowapata watu wazima: mhusika anayetukana kila baada ya sentensi mbili hatuambii kitu, na sisi tunakaa tukidhani tumeambiwa. Nilikuwa nazichambua bahasha hizo jioni mezani kwangu kama mtu anayesoma barua za rafiki, jambo ambalo sikumwambia mtu katika kamati.

Chumba chake kilikuwa ghorofa ya chini ya kituo, hatua nne kwa hatua tatu. Kuta zilifunikwa sponji ya kijivu iliyonyofoka pembeni. Palikuwa na skrini, spika mbili, visikilizio, saa ya ukutani, na kiti chenye mto alioshona mama mkwe. Tamthilia kubwa ya kituo ilirushwa kila Alhamisi saa moja na nusu jioni. Diski yake iliteremshwa kutoka ghorofa ya tatu, walikokaa waandishi na watayarishaji, kama saa moja na nusu hivi kabla. Fundi aliitazama mara moja, hati ya mazungumzo ikiwa magotini, akayapigia mstari mwekundu maneno ya kufunika. Kisha kipindi kilipoenda hewani aliyafunika moja moja kwa mkono. Mashine ya kuifanya kazi hiyo mapema ilikuwa inanunuliwa. Ilikuwa inanunuliwa tangu alipoajiriwa.

Yeye mwenyewe hakutukana. Siku moja mlango wa chuma ulimbana kidole hicho hicho cha kazi, mbele ya mafundi umeme wawili waliosubiri kwa hamu kusikia mtu mwenye hazina kama yake atachagua lipi. Alisema, "Aisee." Wakaondoka wamekata tamaa.

Tatizo nyumbani lilikuwa mama mkwe, ambaye kila mtu mwingine alimwita bibi. Alikuwa na miaka sabini na minane, macho yalishaanza kumsumbua, lakini masikio yalikuwa mapya. Marudio ya tamthilia yalikuwa Jumapili mchana, zamu ya kitufe ikiwa ya fundi mwingine aliyefuata mistari ileile myekundu, na hapo familia ilikaa sebuleni pamoja: bibi, Fundi, binti yao, na mke wa Fundi zamu yake ya hospitali ilipomruhusu. Kila piii ilipolia, bibi alilitaja neno lililofunikwa. Hakulitaja kwa ukali. Alilitaja kama mtu anayemsaidia mtoto kusoma. Na hakukosea hata siku moja. Watoto wa jirani walipokuja kutazama, walitolewa sebuleni, si kwa sababu ya televisheni bali kwa sababu ya bibi.

Fundi hangeweza kumkanya mama mkwe wake. Aliangalia dari. Mara moja tu alijikaza akamwambia, akiwa bado anaangalia dari, kwamba si lazima ayataje.

"Mwanangu," bibi akamjibu, "wewe umeajiriwa kuyaficha. Mimi sijaajiriwa."

Hata hivyo alijifunza kitu kwake. Kama bibi kizee asiyetoka nyumbani anaweza kulitaja kila neno kabla piii haijaisha, basi neno hilo halikuwa na habari yoyote ndani yake. Wazo hilo alianza kuliandika kwenye safu ya tano kwa ufupi: "Bibi angelijua."

Binti yake alikuwa na miaka ishirini na sita. Mwaka huo alipata nafasi ya majaribio kwenye chumba cha waandishi, ghorofa ya tatu. Utaratibu ulikuwa huu: mwandishi wa majaribio anaandika sehemu tatu za tamthilia, hati zake hazina jina ila namba, na baada ya sehemu ya tatu mkurugenzi wa vipindi anaamua kama anapata kiti au anashukuriwa. Kiti kilichobaki kilikuwa kimoja. Alikuwa amekitaka tangu akiwa na miaka tisa, alipoandika mchezo wa kuigiza nyuma ya kadi za harusi zilizoharibika na kuwalazimisha wazazi wake waucheze, mama akiwa mfalme na baba akiwa mlango.

Mkurugenzi wa vipindi alikuwa na imani moja. Alisema mtaani watu hawaongei kama kitabu cha sala, na kwamba piii ni sawa na kengele: ikilia, mtu aliyekuwa jikoni anarudi sebuleni. Waandishi waliambiwa piii zisipungue thelathini kwa sehemu. Binti akaweka arobaini na tatu katika sehemu yake ya kwanza. Mkurugenzi akampongeza mbele ya wenzake. Sehemu ya pili akaweka hamsini na moja.

Baba yake alizifunika zote, moja moja, hajui ni za nani.

Wiki iliyofuata baada ya sehemu ya pili kurushwa, mvua ilinyesha mchana na binti akateremka kuazima mwavuli wa baba yake. Fundi alikuwa amekwenda kusaini karatasi za likizo. Faili la fomu lilikuwa wazi mezani. Binti aliona namba ya hati yake, akakaa kwenye mto wa bibi, akasoma.

Sehemu ya kwanza: "Hana la kusema," na chini yake, mara arobaini na mbili, "kama hapo juu." Sehemu ya pili ilianza vilevile. Kwenye mstari wa thelathini baba yake alikuwa ameacha desturi na kuandika sentensi mpya: "Mwandishi huyu anaogopa kimya."

Alilifunga faili, kisha akalifungua tena kama alivyolikuta, akachukua mwavuli. Hakuongea na baba yake siku tatu. Fundi alidhani ni mafua. Alimwekea dawa mlangoni, na kesho yake akamwekea nyingine, na limau.

Jumamosi Fundi alikuwa uani akifua mashati, binti akatoka akasimama karibu na kamba. Haya mazungumzo nimesimuliwa na wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na hayakutofautiana.

"Baba, ile namba kumi na nne ni mimi."

Fundi aliendelea kufikicha kola. "Ya arobaini na tatu?"

"Na ya hamsini na moja."

Akaacha kufikicha. Hakuomba radhi, maana alichoandika ndicho alichokiona, na binti yake alijua hatakibadilisha kwa kuwa tu mwandishi kageuka kuwa mtoto wake. Alimpisha kwenye kibao cha kufulia, wakakaa.

"Hujui watu wanavyoongea," binti alisema. "Wewe unakaa kwenye chumba cha sponji. Nje huko watu wanatukanana, baba. Nikiandika watu wasiotukana, naandika uongo."

"Wanatukanana, sikatai. Nimewasikiliza miaka kumi na tisa."

"Umesikiliza matusi tu."

"Ndiyo. Na kinachofuata baada ya tusi nakijua vilevile. Hakuna. Mtu akishamtukana mwenzake, mazungumzo yamekwisha. Wanabaki wawili wakipiga kelele mpaka lije tangazo la sabuni. Yule dada wa saluni uliyemwandika ana jambo la kumwambia mdogo wake, tangu sehemu ya kwanza nasubiri aliseme. Kila akifungua mdomo unamwekea tusi. Mimi napiga piii. Tunamziba mdomo, wewe juu, mimi chini."

Binti alishika shati lililokuwa likitiririka maji. Kisha akauliza kama katika miaka yote hiyo lilipata kutokea hata moja ambalo baba yake aliandika kuwa lilikuwa na sababu.

Lilitokea moja. Fundi hakuhitaji faili. Ilikuwa mwaka wake wa sita kazini. Mzee mmoja katika tamthilia, mtu mpole ambaye hakuwa amemtukana mtu tangu tamthilia ianze, alifungiwa mlango na mwanawe wa kumzaa. Akakaa pale nje. Halafu akautukana mlango.

"Mlango?"

"Mlango. Si mtoto. Hakuweza kumtukana mtoto." Fundi alisuuza mikono. "Niliandika, Lilihitajika. Halafu nikalifunika, maana ndiyo kazi. Lakini niliumia."

Binti aliingia ndani. Jioni hiyo bibi alimsikia akitembea chumbani kutoka dirishani hadi kitandani, na akamwambia Fundi kwamba mtoto hana mafua, ana kazi.

Sehemu ya tatu ilikuwa hii. Dada mkubwa, mwenye saluni, anagundua kwamba mdogo wake alikuwa akimficha barua alizoandikiwa na mumewe aliyefungwa gerezani. Miaka sita ya barua. Anaziona kwenye sanduku la rola za nywele, wateja wawili wakiwa wamekaa na vichwa vyenye povu. Hati ya mwanzo ilikuwa na matusi mengi ya kutosha kengele ya mkurugenzi. Binti aliyafuta yote akabakiza moja, katika dakika ya ishirini na mbili, dada anapogeuka na kusema, "Miaka sita. Wewe..." na lile neno. Mkurugenzi aliikuta hati mezani, akauliza piii nyingine ziko wapi. Binti akasema zimekwisha. Mkurugenzi akamwambia sawa, ni sehemu yake, na kiti pia ni chake kukipata au kukikosa.

Nakala ya hati hiyo ilishuka ghorofa ya chini. Safari hii Fundi alijua ni ya nani. Aliipigia mstari mwekundu mmoja. Alisema chumba kilionekana kikubwa.

Sasa nije kwenye kosa lenyewe. Siku ya kurekodi, mwigizaji wa dada mkubwa alilisema lile neno mara tatu na mara zote tatu lilitoka kama neno la watu wote. Binti alikuwa amesimama nyuma ya kamera. Aliomba ruhusa, akamwendea, akamwambia mara ya nne asiliseme. Aanze, afungue mdomo, amwangalie mdogo wake, aufunge. Mwigizaji alifanya hivyo. Wateja wenye povu waliinamisha vichwa bila kuambiwa. Kimya kilikuwa cha sekunde mbili, kisha dada akazikusanya barua na kumwambia mteja wa kwanza maji yamepoa, ampashie mengine. Ikapita. Kila mtu akaenda kula. Hakuna aliyekumbuka kuijulisha ghorofa ya chini, na binti mwenyewe, ambaye baba yake alikuwa chini, alidhani baba ataona kwenye diski.

Alhamisi ile diski ilichelewa. Iliteremshwa ikiwa imebaki dakika nne. Fundi hakupata nafasi ya kuitazama. Alikuwa na hati, mstari mwekundu, na kidole chenye uzoefu wa miaka kumi na tisa.

Dakika ya ishirini na mbili, dada akageuka. "Miaka sita. Wewe..."

Piii. Sekunde mbili.

Piii haikuingia kwenye visikilizio vya Fundi. Yeye daima alisikia kilicho chini ya piii. Safari hii alisikia mtu akivuta pumzi, na baada ya hapo hakuna kitu. Aliachia kitufe. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe alikitazama kidole chake.

Nyumbani, binti na bibi walikuwa sebuleni. Piii ilipolia, binti alisimama wima. Alikuwa amekisubiri kimya chake kama mtu anayesubiri mgeni, na aliyeingia ni mwingine. Kisha akamgeukia bibi, kwa mazoea. Bibi alikuwa amefungua mdomo. Akaufunga. Akafikiri.

"Kasema nini, bibi?"

"Hilo silijui," bibi akasema. Kisha akaongeza, kwa heshima, "Litakuwa kubwa."

Fundi alipofika, binti alikuwa mlangoni.

"Palikuwa na kimya pale, baba."

"Nimekisikia."

"Umekifunika."

"Nimekifunika. Nisamehe, mama." Akavua viatu, akaviweka sawasawa kama kawaida yake, akaenda kukaa gizani chumbani bila kula. Bibi alitaka kuelezwa neno lilikuwa lipi. Binti alimjibu kwa mkato kwamba asubiri marudio ya Jumapili.

Simu zilianza kabla kipindi hakijaisha. Kufikia Ijumaa mchana kituo kilikuwa kimepokea mia mbili na kumi na mbili, na kamati yetu barua tisa za mkono. Matusi arobaini na tatu hayakumtoa mtu kwenye kiti. Hili moja liliwatoa. Kila mpigaji alikuwa amelisikia waziwazi, na hakuna wawili waliosikia moja. Mzazi mmoja alilitaja kwa katibu wetu kwenye simu, na katibu akalazimika kukaa chini. Mimi nilikuwa nikitazama kipindi hicho nyumbani kwangu. Ni lazima niseme ukweli kwamba nami nilikuwa na neno langu. Sitalitaja. Inanitosha kujua kwamba halikutoka kwenye televisheni.

Kikao cha dharura kikaitishwa Jumamosi asubuhi. Ijumaa alasiri mkurugenzi wa vipindi alishuka ghorofa ya chini, jambo ambalo hakuwa amelifanya mwaka mzima, akabaki amesimama maana kiti kilikuwa kimoja. Alikuwa ameshaelewa kilichotokea. Alimweleza Fundi hali ilivyo bila kuzungukazunguka. Kanuni zilisema kwamba fundi akifunika matangazo yasiyo na kosa, anaondolewa kwenye kitufe. Kanuni zilisema vilevile kwamba neno zito, hata lililofunikwa, likileta malalamiko ya watu zaidi ya mia moja, anayewajibika ni aliyeliandika.

"Fomu hujaijaza?"

"Bado."

"Kwenye hati neno lipo. Umelipigia mstari. Ukiandika lile lile la kwenye hati, hujaongopa sana. Wewe umefanya kazi yako, unabaki hapa mpaka ustaafu. Yule wa majaribio tutamshukuru, ni kijana, atapata pengine."

"Bosi, yule wa majaribio ni binti yangu."

Mkurugenzi hakuwa na habari. Alitazama sponji ya ukutani. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayejaribu kuwa mwema, kwamba kama ni hivyo basi aandike neno dogo, la kawaida, lisiloumiza mtu, kikao kicheke, kiishe, wote wapone.

Fundi alimwambia atajaza kilichosikika.

Jumamosi tulikaa watano upande mmoja wa meza. Upande wa pili walikaa mkurugenzi, Fundi na binti. Ndiyo siku niliyomwona kwa mara ya kwanza. Nilitegemea mtu mrefu, sijui kwa nini. Labda kwa sababu ya zile herufi. Alikuwa mfupi, amevaa shati lililopigwa pasi mpaka mikononi, kidole chake cha shahada kimenyooka juu ya goti kana kwamba kinasubiri zamu.

Mwenyekiti aliagiza diski ipigwe bila piii. Ikapigwa. Watu wanane tulikaa kusikiliza tusi lililotikisa mji. Dada akageuka. Miaka sita. Wewe. Tukasikia mfereji wa maji wa saluni ukidondosha matone. Mjumbe aliyekaa kushoto kwangu, mtu wa maneno mengi, aliomba irudiwe, na iliporudiwa akafunika kalamu yake.

Kisha mwenyekiti akaisoma fomu kwa sauti, kama utaratibu ulivyotaka.

"Dakika ya ishirini na mbili. Msemaji, dada mkubwa. Neno, hakuna. Sekunde, mbili. Sababu." Akavua miwani, akaivaa tena. "Sababu, lilihitajika."

Binti alimgeukia baba yake. Hakuwa ameiona fomu.

Mwenyekiti aliuliza, bila kejeli, neno ambalo halipo lilihitajika vipi.

"Mheshimiwa, yule dada alikuwa na haki ya kulisema," Fundi akajibu. "Mtu yeyote pale angelisema. Lilikuwa limefika hapa," akagusa koo. "Akalimeza. Mimi nikamsemea, na hakuniomba. Kosa ni la kidole, si la aliyeandika. Aliyeandika ameandika vizuri."

Alikuwa amelisema hilo la mwisho akiangalia dari, na binti yake akatazama meza.

Uamuzi haukuchukua muda. Mwandishi hakuwa na kosa, kwa kuwa hakuna mtu anayewajibishwa kwa neno ambalo halikutamkwa wala halikusikika. Fundi alikuwa amefunika matangazo safi, amekiri kwa maandishi, na kanuni ilikuwa wazi. Kanuni hiyo ndiyo niliyoipendekeza mimi mwenyewe miaka miwili kabla, na nilikuwa nimeipigania. Niliitia sahihi. Mtu asiyefuata kanuni yake siku inapomuuma hana haki ya kuwafundisha wengine, na sahihi yangu siku ile ilitoka vibaya, imeegemea upande.

Fundi alihamishiwa stoo ya kanda na diski, ghorofa hiyo hiyo, mlango wa tatu. Alichukua mto wake.

Kuhusu kiti, mkurugenzi alikitoa palepale kwenye ngazi, maana simu mia mbili na kumi na mbili ni watazamaji. Aliongeza wazo: kila wiki kuwe na piii moja tupu kama ile, haina neno chini, hakuna kamati itakayoigusa. Binti alimshukuru kwa kiti. Kuhusu piii tupu alimwambia hataandika hata moja, na kwamba akitaka matusi thelathini vilevile hatayaandika, ataandika yanayohitajika, na akikosa basi hakuna. Mkurugenzi akasema watazungumza Jumatatu. Nasikia bado wanazungumza.

Fundi aliomba kitu kimoja kabla ya kukabidhi funguo: marudio yaende kama yalivyorekodiwa. Ikakubaliwa. Kwa hiyo Jumapili mchana, kwa mara ya kwanza, tamthilia ilikwenda hewani chumba cha kitufe kikiwa kimefungwa, kwa kuwa hapakuwa na cha kubonyeza.

Sebuleni walikaa wote, hata mke wa Fundi, bado na sare ya hospitali. Watoto wa jirani walibisha hodi, wakaruhusiwa. Bibi alikuwa amesogeza kiti karibu na televisheni. Siku tatu alikuwa akilitafuta neno lile, na alikiri kwamba usiku alikuwa amejaribu mengi, mengine ya zamani sana, hakuna lililotosha.

Dada akageuka. "Miaka sita. Wewe..."

Mdomo ukafunguka, ukafungwa. Mfereji ukadondosha tone.

Fundi hakuangalia dari. Bibi alikaa vile vile, ameinama mbele, mpaka dada alipokwisha kuzikusanya barua na kumwambia mteja maji yamepoa.

"Kumbe," bibi akasema.

Akarudisha kiti chake nyuma, na mpaka mwisho wa kipindi hakusema kingine.